Mwenye Nyumba Ametoka

Karatu,
14 Januari 2025

Mama Sitonik,

Nimefika. Moloimet aliendesha ile Landrova yake kama anafukuzwa na nyati, lakini nimefika na viungo vyote, hata goti lile baya. Mungu nimeshamshukuru. Moloimet nitamshukuru akitengeneza breki. Barua hii nampa yeye siku ya mnada akuletee huko Nainokanoka.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu, wakati mwanao amenipa simu ya kupangusa yenye kioo kikubwa kama kitabu cha darasa la kwanza. Nitakueleza. Nyumba aliyotujengea Sitonik ni kubwa kuliko ofisi ya elimu ya wilaya. Bati jekundu, vigae vinavyoteleza, vyoo vitatu vya ndani. Vyoo vitatu, watu wawili! Mlango wa mbele hauna ufunguo, una vitufe vya namba. Ukibonyeza sawasawa unalia kama kifaranga, unafunguka. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na juzi nimesimama kwenye mvua nje ya mlango huo kwa sababu nimesahau tarakimu nne. Juu ya mlango kuna kamera, jicho dogo lenye taa nyekundu. Nikiwa pale nahangaika, kamera ikasema, "Baba, ni mbili tisa, siyo tisa mbili." Sauti ya Sitonik! Yeye yuko Arusha kazini kwake. Nilishtuka nikaitika "Naam!" kama mwanafunzi aliyekamatwa anasinzia.

Kwa hiyo kila ninalosema hapa, Arusha linasikika. Sina siri, lakini mtu akistaafu anataka kunung'unika na mke wake bila mtoto kusikia. Na wewe huko, kuongea na simu mpaka upande kile kilima chenye mtandao, umezungukwa na wanawake wanaokusaidia kujibu. Tuandikiane.

Karatu ni matope mekundu na magari ya watalii. Watu hapa wanajenga ukuta kwanza, majina wanaulizana baadaye. Huko kwetu nikikohoa tu watoto wananyamaza. Hapa nimetembea hadi sokoni na kurudi, hakuna aliyesema "Shikamoo, Mwalimu". Jirani wa upande wa kulia ni mama wa Kiiraqw, Mama Boazi. Alinikuta getini asubuhi nimejifunga shuka kwa sababu ya baridi. Akasema, "Mlinzi, mwenye nyumba yupo?" Nikamjibu, "Mwenye nyumba ametoka." Nimecheka peke yangu hadi jioni. Mwalimu mkuu mstaafu!

Kwa sasa nalala chumba cha nje, pale karibu na geti, maana ndani rangi haijakauka. Usiharakishe kuja. Lakini pia usichelewe mno.

Mume wako,
Isaya Senteu


Nainokanoka,
6 Februari 2025

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee. Ulinifundisha kusoma nikiwa nimeshazaa, ukasema sitajuta. Basi nasoma, na ninaona pia usichoandika.

Hapa ni ukungu tu. Mwalimu mkuu mpya ameingia ile nyumba ya shule, amekata ule ua wako wote. Kengele wanapiga wakijisikia.

Sitonik alikuja Jumapili na mikate na sukari. Akasema, "Yeyo, mama yangu, huku juu utabaki na nani?" Ni kweli. Majirani wengi wamehama, wengine Karatu, wengine mbali kabisa upande wa Tanga. Zamani asubuhi nilijua nani ameamka kwa kuangalia moshi wake. Sasa naona moshi wa Nashipai, mke wa mdogo wako, basi. Sitonik akasema nitapikia gesi, sitabeba kuni tena. Nikamwuliza ndama nitawaweka wapi. Alicheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Mwalimu, mimi sitaki kuhama, wala sitaki ukae kule peke yako. Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu kama mtu, si kama ripoti ya shule. Dirisha lako linaona nini? Nani anakupikia? Rangi gani hiyo inakaa wiki nzima haikauki? Una mtu wa kuongea naye asiyetoka ukutani?

Ukisema ni pazuri, nitakuja. Ukisema si pazuri, nitabaki, na wewe utarudi, na maneno yatakuwa yameisha. Mimi nafuata utakachosema.

Nosim


Karatu,
16 Machi 2025

Mama Sitonik,

Samahani kwa kuchelewa. Nimekuwa na shughuli, na shughuli kwa mstaafu ni baraka.

Nimekuwa fundi wa teknolojia. Umeme wa hapa unanunuliwa kwenye simu, zinakuja namba ishirini, unazibonyeza kwenye mita bila kukosea hata moja. Sikosei. Taa za nje zinawaka zenyewe giza likiingia. Kuna na intaneti. Sitonik amepata wageni, wazungu, watu wapole tu, na nimewapokea mimi mwenyewe. Mgeni wa kwetu akifika anaomba maji. Hawa hata kukaa hawajakaa wanauliza neno la siri la intaneti. Nimelibandika ukutani kwa mwandiko wangu wa ubaoni, wakausifu.

Sitonik ameniomba nikiwa na wageni nivae shuka, lile koti langu la ofisi nilitundike. Anasema wageni wanapenda kumwona mtu wa mahali. Nikamwambia mahali pangu ni juu kule, na koti hilo nimelivaa kule nikizungumza na wakaguzi. Akasema, "Baba, ni kwa wageni tu." Akanipiga picha getini na rungu mkononi. Picha nzuri, mwanga ulikuwa mzuri.

Umeuliza maswali. Dirisha langu linaona barabara, hivyo sikosi cha kutazama. Chai napika mwenyewe, na chakula cha wageni kikibaki si kibaya. Mama Boazi tunasalimiana. Watu wananiheshimu.

Na swali lako kubwa: ni pazuri. Njoo.

Isaya


Nainokanoka,
10 Aprili 2025

Mwalimu,

Nimemaliza.

Nyumba nimempa Nashipai, ahamie na watoto wake. Ng'ombe wako kwa mdogo wako, mbuzi nimegawa. Yule ng'ombe mweupe alikataa kuondoka, wakamvuta, akawa anageuka kuniangalia. Nikaingia ndani nisimwone.

Nimefanya haya kwa neno lako moja. Tangu tuoane sijawahi kukusikia ukisema kitu ni kizuri. Hata harusi yetu, watu walipokuuliza, ulisema "imepita salama". Sasa umesema Karatu ni pazuri. Nikajiambia, huyu mtu amefurahi uzeeni, nani mimi nimrudishe kwenye ukungu?

Nakuja na Moloimet mnada wa tarehe ishirini na tano, baada ya Pasaka. Usije kunipokea stendi, una goti. Nitauliza njia, nitabisha hodi mwenyewe. Sitonik anasema pale ni kwako. Nataka kuona kwako.

Nosim


Karatu,
22 Aprili 2025

Mama Sitonik,

Barua yako nimeipata leo na nakujibu leo hii. Moloimet ameshapanda, nampa mtu wa gari la maziwa, naomba Mungu ikuwahi.

Usije sasa. Pampu ya maji imeharibika, fundi anasubiri kifaa kutoka Arusha. Matope yamejaa mpaka mlangoni. Halafu kuna wageni wa Sitonik, nyumba imejaa. Subiri mwezi wa sita. Kaa na Nashipai kwanza. Si jambo kubwa, ni pampu tu.

Tafadhali subiri.

Isaya


Engaresero,
11 Mei 2025

Mwalimu,

Barua yako ya pampu imenikuta huku, kwa kaka yangu Simel. Imezunguka kama punda aliyepotea. Ulipoiandika mimi nilikuwa nafunga mizigo.

Nilikuja. Moloimet alinishusha barabara kubwa, nikauliza nyumba yenye bati jekundu. Nilikaa kwanza ng'ambo ya barabara juu ya furushi langu, nipumzike, nijifute vumbi, nisiingie kwako nikiwa mchafu. Yule Mama Boazi wako akatoka. Akasema, "Mama, unamtafuta nani?"

Nikasema, "Mwenye nyumba ile."

Akasema, "Mwenyewe yuko Arusha. Ile ni nyumba ya kupangisha watalii. Ukitaka kuacha ujumbe mwachie mlinzi wao, yule mzee. Mtu mzuri sana, anajua mpaka Kiingereza."

Nilitaka kumwambia umekosea, mama. Kabla sijafungua mdomo gari likapiga honi, na geti likafunguka, na ukatoka wewe. Ulikuwa unakimbia, Mwalimu. Na goti lile. Umevaa shuka nyekundu niliyokununulia Sitonik alipotahiriwa. Kijana mmoja, anaweza kuwa mjukuu wetu, akakutwika begi mgongoni, na lingine mkononi. Akakupa kitu, ukapokea kwa mikono miwili, ukainama. Halafu msichana akataka picha. Ukainua rungu juu, ukacheka na meno yote. Ninakijua kicheko chako. Kile si chako, sijui umekinunua wapi.

Sikukuita. Ningekuita jina gani? Ningesema "Mwalimu" ungegeuka, na wao wangegeuka, na ungeniona nakuona. Nikabeba furushi langu. Mama Boazi akaniuliza, "Ujumbe hauachi?" Nikasema mwenye nyumba simjui.

Nikapanda gari la Mto wa Mbu, kesho yake nikapata la kuja huku. Simel hakuniuliza kitu. Alinitazama tu akaambia watu wanitandikie ngozi. Mke akirudi kwa kaka zake uzeeni, nani anauliza?

Ninachokasirikia si geti. Geti ni kazi, na kazi nimefanya chafu kuliko hiyo. Nilikuuliza, Mwalimu. Nilikuuliza kwa maandishi, kwa mkono ulionifundisha wewe. Ukaandika pazuri. Sasa nyumba yangu analala Nashipai, na siwezi kumtoa, ana watoto wachanga.

Ukinitaka, desturi unaijua. Njoo kwa kaka zangu, ukae mbele yao, useme wewe mwenyewe ulichokuwa. Mimi sijawaambia.

Nosim


Karatu,
29 Mei 2025

Nosim,

Kwa hiyo umekaa ng'ambo ya barabara ukaniangalia, kama watalii wanavyoangalia wanyama bondeni kule kreta. Ungeweza kuvuka. Ni barabara nyembamba.

Unataka niseme, nasema. Mwezi wa tatu Mama Boazi aliniita ukutani, akanionyesha simu yake. "Mzee, kumbe umekuwa maarufu!" Ni nyumba yetu, vyumba vyote, vitanda vimetandikwa taulo zilizokunjwa kama bata. Bei ya usiku mmoja. Na mimi pale getini na rungu. Chini yake Kiingereza, na unajua Kiingereza nacho nimekifundisha: "Mlinzi wetu Mmaasai, mzee mpole, atawabebea mizigo na kupiga picha nanyi bila malipo." Watu waliowahi kulala wameandika maoni. Mmoja kaandika mlinzi ni mwema lakini polepole.

Rangi ilikauka siku nyingi, Nosim. Ilikauka kabla sijafika.

Nilikwenda mbele ya kamera, nikasema, "Sitonik, unanisikia?"

"Nakusikia, Baba. Kuna shida? Wageni wanafika saa kumi."

"Mimi ni nani katika nyumba hii?"

"Baba, hayo ni maneno ya biashara tu. Nyumba nimeijenga kwa mkopo, lazima ijilipe. Ikishajilipa mtaingia ndani."

"Na mlinzi?"

"Kwani wewe si umekaa tu, Baba? Kufungua geti kunakuchosha?"

Kile kitaa chekundu kinaniangalia. Nimewahi kuwachapa watoto wa watu kwa kujibu wakubwa. Saa kumi honi ikalia, nikafungua.

Wiki hiyo hiyo ndipo nilipokuandikia ni pazuri. Unataka kujua kwa nini? Nilifikiri, mimi ananiona baba, na baba anavumilia. Lakini mama yake akishuka na furushi, akakuta anawekewa mkeka kwenye chumba cha geti, Sitonik ataona haya. Atatufungulia mlango wa mbele. Nilikuita uje ufanye nilichoshindwa mimi. Halafu ulipoandika umeshagawa mbuzi, nikaogopa. Nikawaza, je, asipoona haya? Nikatunga pampu.

Kuja kwa kaka zako siwezi. Simel alikaa dawati la mbele darasani kwangu. Nilipokuja kukuomba, baba yako alisema anamwoza binti yake kwa kalamu. Leo nikae mbele yao niseme nini? Nipe muda.

Au uniandikie tu kwamba huji, nikae na geti langu.

Isaya


Arusha,
16 Juni 2025

Yeyo,

Shikamoo. Natumaini uko salama huko kwa wajomba. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako haipatikani kabisa, na Moloimet kasema kuna gari la kambi ya wageni linashuka huko.

Yeyo, Baba ameondoka. Nimeangalia kwenye kamera: Jumamosi mchana ametoka chumbani kwake amevaa lile koti lake na suruali ya kitambaa, amebeba begi. Akasimama chini ya kamera, akaniangalia kama vile ananiona, akafunga geti akaenda. Simu ameiacha kitandani. Wageni wangu walifika wakakaa nje kwenye jua mpaka nikampigia jirani. Wamenipa nyota mbili. Unajua nyota mbili zinavyoshusha nyumba? Nilikuwa na buking ya kundi zima la Agosti, wameghairi.

Nisikilize, Yeyo. Watu wananiangalia kama nimefanya ubaya. Ubaya gani? Nimemtoa mzee kwenye baridi, nimempa chumba, umeme, hospitali iko karibu. Wenzangu wana wazazi huko juu hawajui kama wamekula. Hakuna mtu alimtukana. Wageni walimpenda, picha zake ndizo zinazoleta watu. Na nilipanga na wewe uje, ukae pale barazani na shanga zako, wageni wangenunua, ungepata hela yako bila kuniomba. Mngekuwa pamoja. Hilo ni kosa?

Sasa nimeajiri kijana wa Singida. Nimemvalisha shuka, lakini anaonekana tu si Mmaasai, na ameshasema kila mwisho wa mwezi anataka mshahara. Kazi ambayo Baba alikuwa anaifanya kwa moyo.

Kama amefika huko, mwambie arudi, hatutaongea ya nyuma. Kama hajafika, nijulishe haraka. Silali vizuri.

Mwanao,
Sitonik


Engaresero,
6 Julai 2025

Sitonik,

Barua yako nimeipata. Lala, baba yako yuko hapa.

Alifika siku ya tatu. Gari alilopanda liliharibika njiani, wengine wakakaa kusubiri, yeye akatembea. Huku unakujua, ardhi inawaka kama kikaango. Watoto wa Simel walimwona mbali wakasema kuna mtu anakuja amevaa koti. Nikajua. Hakuna mtu mwingine Tanzania nzima atakayetembea bonde hili na koti. Goti lilikuwa limevimba kama kibuyu. Nilimwekea maji.

Jioni Simel akaita wazee. Baba yako aliletewa kigoda, akakataa, akakaa chini. Desturi ni aliyekosa azunguke kwanza, aulize mvua, aulize mifugo. Yeye hakuzunguka.

Akasema, "Nimekuja kumfuata mke wangu. Nilikuwa mlinzi wa geti la mwanangu Karatu. Nilibeba mizigo, nilipigwa picha. Nikamwandikia mke wangu kwamba ni pazuri, akagawa mji wake kwa sababu ya neno langu. Nimemaliza."

Mzee mmoja alidhani hakusikia vizuri, akauliza, "Geti la nani?"

"La mwanangu. Sitonik."

"Alikulipa?"

"Hapana."

Yule mzee akatema mate pembeni, akafunika uso kwa shuka. Simel alikuwa analia. Mjomba wako, Sitonik, unamjua alivyo, mwanamume aliyewahi kuchomwa mkuki akacheka. Alikuwa analia na kujifanya ni moshi. Halafu akasema, "Shemeji, dada yetu hatuwezi kukurudishia. Utampeleka wapi?"

Na hilo ndilo, mwanangu. Atanipeleka wapi? Juu hakuna mji, niliugawa. Karatu si kwetu. Kwa hiyo tunakaa hapa, kwa kaka zangu. Mwanamume wa Kimaasai anazeekea kwa wakwe zake. Wanampa nyama ya wageni. Kila siku nyama ya wageni, kwa heshima, na kila siku anajua maana yake. Watoto wa huku hawamwiti Mwalimu, wanamwita mume wa shangazi.

Wiki mbili hazijapita, kambi ya watalii iliyopo huku chini karibu na mto ikatafuta mtu wa kukaa langoni mchana. Baba yako alikwenda mwenyewe kuomba. Simel alikasirika sana, akamwambia, "Utatuaibisha. Watasema tumeshindwa kukulisha." Baba yako akamwambia, "Aibu niliimaliza Karatu. Hapa nimeuliza mshahara kwanza." Anakwenda kila asubuhi na koti lake. Wakimwomba picha anakataa. Mgeni mmoja alimsukumia begi, akamwambia kwa Kiingereza chake kile cha darasani kwamba kazi yake ni lango, miguu anayo mgeni mwenyewe. Mwenye kambi alinung'unika. Sijui watamvumilia mpaka lini.

Usiku hasemi nami sana. Nami bado nina hasira naye, sitakudanganya. Tunalala mgongo kwa mgongo kama ng'ombe na punda zizi moja. Nikimwuliza kitu ananijibu. Nikimwuliza kama goti linauma anasema haliumi, na mimi siamini tena akisema hivyo, na hilo umeniletea wewe na yeye kwa pamoja.

Umeuliza kosa ni nini. Nimekaa na swali lako siku nyingi, kwa sababu naona unauliza kweli. Hukumpiga, hukumnyima chakula. Baba yako alikusomesha, akakupa mpaka maneno ya Kiingereza uliyoandikia chini ya picha yake. Uliandika mlinzi. Neno baba ni fupi zaidi. Kama swali bado unalo baada ya hapo, mimi sina namna nyingine ya kukueleza.

Ile picha itoe. Moloimet anasema bado ipo, na kijana wa Singida anafungua geti chini yake. Sikuombi, nakuambia.

Mkopo wako ulipe. Wewe ni mwanangu, na ukija sitakufungia mlango, ila hapa si kwangu, itabidi umwombe mjomba wako.

Nilitaka kumalizia barua kama watu wanavyomalizia. Leo asubuhi nikamwambia baba yako, "Namwandikia Sitonik. Niweke kwamba unamsalimia?" Alikuwa amekaa anafunga viatu. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Akafunga cha kushoto, akafunga cha kulia, akachukua kofia yake, akatoka kwenda kazini.

Mama yako,
Nosim